Gramu Hamsini na Sita

Vyake vilitoka dukani, Karen,
ndani ya sanduku lenye karatasi laini
kama linalobeba keki ya harusi.
Elfu thelathini na mbili.
Vyangu nilivichimbua Gikomba kwa Adoyo,
chini ya rundo la njumu za mpira,
vimefungwa pamoja kwa kamba kama kuku wa mnada.
Alisema elfu tatu. Nikacheka, naye akacheka.
Elfu moja mia nane,
akaniongezea na soksi. Moja.

Muuza duka alimweleza Shiundu habari za soli:
nyuzi za kaboni, haipindi,
nguvu yote ya paja inafika kwenye pedali
bila hata senti kudondoka njiani.
"Ghali haikosi sababu," alisema.
Adoyo hakusema neno kuhusu soli.
Alikigonga kiatu kwenye nguzo ya kibanda, ko, ko,
akanitazama: "Umesikia?"
Nikasikia.

Tulivipeleka kwa Gathogo, buchani kwake Kangemi,
kwa kuwa mizani yake ndiyo pekee tunayoiamini sote.
Akatandaza gazeti. Akafuta kisu kwanza, sijui kwa nini.
Chake: gramu mia mbili sitini na mbili.
Changu: mia tatu kumi na nane.
Gathogo akahesabu kwa midomo.
"Hamsini na sita. Maini ya gramu hamsini na sita
hata paka hashibi."
Shiundu akasema, zidisha kwa mizunguko elfu tano ya mguu.
"Basi ni paka elfu tano wenye njaa," akasema Gathogo,
akamgeukia mteja wa matumbo.

Ubishi haukuisha. Ndipo Jumapili,
saa kumi na mbili na nusu, Dagoretti Kona,
kando ya kituo cha mafuta,
tukavua, tukabadilishana kimoja kimoja.
Sote huvaa arobaini na moja.
Mguu wangu wa kushoto ukawa wa elfu kumi na sita,
wa kulia wa mia tisa.

Kwenye tambarare sikutambua kitu.
Mlimani, tulipoiacha Kiserian nyuma,
nikaanza kuisikiliza miguu
kama mama anayesikiliza watoto wawili
walionyamaza ghafla chumbani.
Kiatu cha kushoto kilikuwa kimya. Kimya cha benki.
Cha kulia kilikuwa na mtu ndani.
Mtu wa mbali, mzito kidogo,
aliyeacha shimo la kidole gumba kwenye utando,
na kisigino kimelika upande wa nje:
alikuwa akitembea navyo, jambo tunalokatazwa,
labda kwenda kununua mkate.
Nikakanyaga alipokanyaga.
Magoti yote mawili yakauma sawasawa.

Lakini nisidanganye.
Mvua ilipotukuta, soli ya mia tisa
ikafungua mdomo mbele, gundi ikaachia,
nikawa nakunywa maji ya barabara kwa vidole.
Na kile kifungo cha kuzungusha, cha elfu kumi na sita,
kilichosifiwa dukani dakika ishirini nzima,
kikala tope jekundu, kikagoma kulegea,
mpaka tukakichokonoa kwa ufunguo wa nyumba.

Nisidanganye na hili pia:
mguu wa kushoto sikutaka kuurudisha.
Ungeniuliza pale juu, Shiundu akiwa nyuma hasikii,
ningekwambia.

Tukarudi Dagoretti, tukaingia kibanda cha chai,
vyuma vya soli vikigonga saruji kama mbuzi wanne.
Mhudumu akaweka vikombe,
akainama kutazama chini ya meza:
cheupe, chekundu,
chekundu, cheupe.
"Hiyo ni sare ya timu gani?"

"Ya paka," akajibu Shiundu.
Akalipa chai.
Mimi nikalipa mandazi.